Safari ya Yei Iliyopita Uani kwa Zubeda

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza swali lile lile: "Mariamu, ilikuwaje huko?" Nikianza kujibu, aliyekuja kununua nyanya anakumbuka nyanya zake, mwenye mtoto mgongoni anakumbuka mtoto wake, na mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Basi nimeamua kuyaandika. Atakayechoka aweke karatasi chini, mimi sitamwona. Habari za vibali na mihuri nimeziacha, maana zilinichosha mara moja na sitaki zinichoshe tena.

Mnajua nilivyoondoka. Amani ilikuwa imekuja Sudani, na wakimbizi waliokaa kwetu miaka mingi walikuwa wanaanza kurudi makwao. Huko Yei kilifunguliwa kituo cha kulisha na kutibu watoto wa hao waliorudi, wakatafutwa watu wa kujitolea wanaojua Kiarabu cha Juba. Mimi nilikuwa msaidizi wa zahanati, na Kiarabu kile nimekua nacho. Mlinicheka, wengine wenu. Kazi bila mshahara, tena ng'ambo! Nikawajibu, ng'ambo gani, ni mwendo wa siku moja tu. Haya, siku moja. Mtaona.

Awindiri

Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, katika nyumba ile ya Awindiri, hapa Arua, yenye ua wa matete. Alikuwa mdogo wa umbo, mkubwa wa amri, na macho yake yalikuwa makali kuliko yangu mimi mjukuu. Baba yake alikuja huku na askari wa zamani kutoka Sudani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka, lakini akiizungumzia Sudani ungedhani aliondoka kule jana akasahau mwavuli.

Nyumbani kwake msafiri ana desturi mbili. Kwanza anapewa gurusa, mkate wetu ule mwembamba wa kukaanga. Anauma mara moja, na kinachobaki kinakaushwa na kuwekwa chini ya kawa mpaka arudi akimalize. Pili, ukishaagwa, umeagwa. Hakuna kurudi kuchukua kitana wala kiatu mpaka ufike uendako. Haboba alikuwa bado msichana kaka yake alipoagwa kwenda vitani. Kijana alirudi kuchukua blanketi, mama yao akampokea, akamkumbatia mara ya pili, na hawakumwona tena. Tangu hapo Haboba hakumpokea mtu aliyekwisha kuagwa, hata awe nani.

Asubuhi ile niliuma gurusa yangu. Haboba akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kama anayepima nguo. Mimi nililia sana, yeye hakulia.

"Nenda, lisha watoto ya watu," alisema. "Nusu yako iko. Mimi pia iko."

Nilikuwa na hofu moja tu, na naisema wazi: kwamba nitarudi nisimkute. Lakini nilikuwa nimekwisha kutoa ahadi Yei, tena yeye ndiye aliyenisukuma kuitoa. Nikajitwika sanduku langu, nikatoka bila kugeuka nyuma.

Stendi ya Arua

Lori lililokuwa linipeleke lilikuwa la Adriko, dereva mmoja wa Onduparaka mwenye kofia ya sufi hata juani. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Dada, leo hapana," miguu ile ilisema. "Springi iko vunjika. Wewe kuja kesho."

Nikafanya jambo ambalo yeyote kati yenu angelifanya: nikabeba sanduku langu nikarudi nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha.

"Nani?"

"Mimi, Haboba."

"Wewe nani?"

"Mariamu."

"Mariamu kwisha kwenda Sudan," sauti ikajibu kutoka ndani, bila hata chembe ya kicheko. "Wewe nadanganya mimi."

Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Mwishowe jirani yetu Zubeda, ambaye ua wake na wetu ni mmoja, alitoka akanivuta mkono. Nikalala kwake. Nilipokuwa nimekaa uani nikiwa nimenuna, nikasikia hatua upande wa pili wa matete, kisha sauti ile ile: "Zubeda! Mimi nasikia wewe iko na mgeni. Chukua chakula ya mgeni yako." Zubeda akazunguka kwa mlangoni, akarudi na sinia lililofunikwa kawa, lile la rangi nyekundu na kijani ambalo Haboba alilisuka mwenyewe. Chini yake kulikuwa na maharage na ugali wa mihogo, sehemu ya juu kabisa ya chungu, ile anayonipa mimi siku zote. Nilikula huku nacheka, na machozi yanatoka.

Kesho yake springi ilikuwa imepona, ila Adriko hakuwa tayari. "Leo Onduparaka nacheza mpira," akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto msiba. "Mimi naweza acha namna gani?" Abiria wenzangu walikubaliana naye wote, hata wale wasiojua Onduparaka inacheza na nani. Nikalala tena kwa Zubeda. Sinia likaja tena. Sasa lilikuwa na samaki, na Haboba akauliza kwa sauti kubwa kupitia uani kama mgeni ana afya njema.

"Yeye iko mzima," Zubeda akajibu. "Lakini nakula sana."

"Mgeni ya namna hii mimi najua," Haboba akasema.

Arua hadi Koboko

Tukaondoka. Juu ya lori kulikuwa na magunia ya chumvi, kuku waliofungwa miguu, watu wa kila kabila, na mlango. Mlango wa mbao, na bawaba zake na komeo lake. Mwenyewe alikuwa Mzee Wani, mkimbizi anayerudi kwao karibu na Yei, na alikuwa ameung'oa kwenye nyumba aliyoijenga Ajia alipokuwa akilima kule. Alikaa juu yake njia nzima, na kila aliyeweka mguu wake juu ya mbao zile alitolewa kwa kiwiko.

"Mzee, nyumba yenyewe iko huko?" nikamuuliza.

"Mimi hapana jua. Mwaka mingi mimi hapana ona." Akapangusa komeo kwa shati lake. "Lakini kama mlango iko, nyumba natoka mbali?"

Kwenye kizuizi cha njiani askari walitushusha wote. Kijana mmoja mwenye bunduki aliugonga mlango ule, akasikiliza, akaugonga upande mwingine. Aliona lazima kuna kitu ndani. Mzee Wani akaapa hakuna. Askari akauliza, mlango gani unasafiri bila nyumba? Mzee akajibu kwamba nyumba imetangulia. Hapo askari alikasirika kwelikweli, akaamuru mlango usimamishwe katikati ya barabara na ufunguliwe. Tukausimamisha, watu wawili huku, wawili kule. Mzee akavuta komeo, lakini bila fremu mlango ulifunguka upande gani? Askari akaupita mbele, akaupita nyuma, akatazama barabara tupu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akatuachia twende, tena akatupa muhogo wa kuchoma, lakini mchana wote ulikuwa umekwisha kupotea.

Tuliingia Koboko vumbi limetugeuza wote rangi moja. Nikasema moyoni, kesho Yei.

Koboko

Mvua ilinyesha kwa kelele kiasi kwamba tulizungumza kwa ishara. Asubuhi habari ikaja: kuelekea mpakani maji yamekula kalavati, lile daraja dogo la barabarani, lori halipiti. Subirini.

Nilipokelewa na Halima, dada yake Zubeda, aliyeolewa pale na fundi cherehani. Kama hamjamjua Halima, mchukueni Zubeda mkampunguzie maneno. Sukari ilikuwa imeadimika mwaka ule, mnakumbuka wenyewe, na Halima alikuwa na kikopo chake cha sukari alichokificha ndani ya chungu ndani ya sanduku. "Ile ni ya harusi na ya msiba," aliniambia siku ya kwanza, kusudi nisije nikatamani bure. Tukanywa chai kavu ya tangawizi, bila sukari, tukasuka ukili, tukasubiri.

Sijui kama mmewahi kukwama karibu na nyumbani. Nilifikiri ningeitamani Arua nikiwa mbali sana, katika nchi ya lugha nyingine. Kumbe ukaribu ndio unaoumiza. Kila siku lori lilitoka Arua likashusha watu niliowajua sura. Muuza mafuta alikuwa amepita Awindiri asubuhi ile ile. Mwanamke mmoja alikuwa na kikapu cha maembe ya mti ninaoujua. Nilikaa kwenye kibaraza cha fundi nikiyatazama malori yanayorudi kusini bila mimi, na nilimtamani Haboba kwa mwili wangu wote, mpaka harufu ya moshi wa nguo zake niliisikia mahali ambapo haikuwepo. Mzee Wani alikuwa ameegemeza mlango wake kwenye ukuta huo huo, akakaa kando yangu.

"Wewe naangalia huku, mimi naangalia huku," akasema, akionyesha kusini kisha kaskazini. "Shingo yetu itauma sisi wote."

Kisha siku moja mchuuzi wa samaki wakavu aliyetoka Awindiri akamwambia Halima, nami nasikia: "Haboba ile ya ua ya matete iko gonjwa. Nasikia hapana kula."

Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya lori linalorudi Arua. Sikumuuliza mtu.

Kurudi nyuma

Mzee Wani aliniahidi kwamba njia ikifunguka atamshikilia Adriko kwa kofia yake mpaka nirudi. Njia nzima niligombana na Haboba kichwani. Nilimwambia mimi si kaka yake, hii si vita, nitaingia tu, na kama ni mlango nitauvunja.

Nilifika Awindiri alasiri. Zubeda alinidaka kabla sijafika mlangoni kwetu, akaniingiza kwake.

"Ilikuwa malaria. Sasa nafuu. Leo kwisha kunywa mchuzi."

"Naenda kumwona."

"Mariamu." Akanishika bega. "Yeye nasema kila siku: mtoto iko njiani, mtoto atafika. Hiyo ndiyo nanyanyua yeye. Wewe kuingia sasa, atafikiri nini?"

Nikakaa kwenye kigoda cha Zubeda, kilichopo kando ya ua, mgongo wangu karibu uguse matete. Upande wa pili nikasikia mkeka unaburutwa, kikohozi, kisha pumzi ya mtu anayekaa kwa taabu. Tulikuwa na upana wa tete kati yetu.

"Zubeda," sauti ikaita. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoiacha. "Wewe iko na mgeni?"

Zubeda akanitazama. "Iko, Haboba."

"Mgeni ya wapi?"

"Natoka Koboko."

"Koboko iko mvua?"

Zubeda akanionyesha kwa kidevu nijibu. Nikajibu mwenyewe. "Iko mvua sana, Haboba. Njia imekatika."

Nikafikiri ataondoka. Badala yake alisema, polepole, kama anazungumza na kuku wake: "Mimi iko na mjukuu. Yeye kwisha kwenda Sudan. Kama mgeni naona yeye njiani, mwambie mimi kwisha pona."

"Nitamwambia."

"Mwambie avae kitu kichwani, jua ya huko kali."

"Nitamwambia. Lakini Haboba, na yeye akitaka kurudi? Akisema amekutamani, hawezi kuendelea?"

Kivuli chake, kilichopenya matete, kikasogea chini mbele yangu. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitatia jicho, na nikitia jicho nitaubomoa ua. Nikatazama kuni za Zubeda mbele yangu.

"Mwambie mimi pia natamani yeye," Haboba akasema. "Kutamani hapana ua mutu. Watoto ya Yei hapana chakula, hiyo naua. Mwambie nusu yake iko. Mimi pia iko."

Sinia likaja kupitia kwa Zubeda. Lilikuwa na kuku, na mgonjwa mwenyewe alikuwa anakunywa mchuzi wake tu. Nikala mpaka mfupa. Nilibusu kawa kabla ya kulirudisha, nikidhani hakuna anayeniona.

Koboko hadi Yei

Niliporudi Koboko, Adriko alikuwa amesubiri, kofia yake ikiwa mikononi mwa Mzee Wani kama rehani. Kalavati lilikuwa limezibwa kwa mawe, na tulilipita. Tulivuka mpaka na sikuhisi lolote. Nyasi za huku na nyasi za kule zilikuwa zile zile. Nikafunga kitambaa kichwani, kama nilivyoagizwa.

Mbele ya safari tairi la nyuma likazama kwenye tope mpaka ekseli. Tulikata matawi, tukaweka mawe, tukasukuma, lori likazidi kuzama. Ikafika wakati wote tukawa tunautazama mlango. Mzee Wani aliukalia kwa nguvu zaidi. Kisha akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, akateremka, akaulaza mwenyewe chini ya tairi na kugeuza uso. Lori lilitoka. Mlango ulitoka na ufa tangu juu hadi chini.

Yeye aliuinua, akauelekeza juani, akaweka jicho kwenye ufa.

"Sasa mimi itaona nani nakuja," akasema, akaukalia tena.

Yei ilitupokea kwa vumbi na nyumba zisizo na mapaa. Kazi ilikuwa sufuria kubwa za uji, watoto wa surua, na akina mama waliotembea kutoka msituni wakiwa hawana hata kijiko. Usiku wa kwanza nilisema kwa sauti, "Nimefika, Haboba," na msichana niliyelala naye chumba kimoja akadhani naota. Miezi ile nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Mzee Wani nilimwona siku moja barabarani. Nyumba yake hakuikuta, ila alikuwa amekwisha kujenga ukuta mmoja, ule wenye mlango.

Nilimtamani Haboba kila siku, lakini kwa utulivu. Nilikuwa nimefika, basi njia ya kurudi ilikuwa halali yangu. Nilikuwa nikijipangia atakavyofungua mlango, na nitakavyomlaumu kwa kila usiku niliolala kwa Zubeda.

Kurudi

Zamu yangu ilipokwisha nilipata lori mpaka Koboko. Nilifika kwa Halima nikipiga kelele tangu barabarani. Akanikumbatia, akanikalisha, akaingia ndani, akakaa huko. Alipotoka alikuwa na chai. Nikanywa kidogo, nikaiweka chini.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa na sukari ya kutosha vijiko viwili.

"Halima," nikasema, "kuna harusi?"

Aliketi kando yangu akanishika mkono, na fundi cherehani akasimamisha mashine yake. Basi nikajua, nikalia muda mrefu juu ya chai ile mpaka ikapoa. Haboba alikuwa amefariki kabla ya mavuno, usingizini, na hawakuwa na njia ya kuniletea habari kwa wakati.

Awindiri mlango ulikuwa wazi, maana watu wa familia walikuwa wanaingia na kutoka. Niliingia bila kubisha. Zubeda alikuja na lile kawa jekundu na kijani mikononi.

"Nusu yako iko," akasema. Alitaka kuongeza lile la pili, mazoea tu, akalimeza.

Gurusa ilikuwa ngumu kama kigae, na alama ya meno yangu bado ilionekana. Sikuweza kuila. Nikamwambia Zubeda kile nilichokibeba tangu Koboko: kwamba laiti siku ile uani ningegeuka mara moja tu. Ningemwona uso. Nilimheshimu mno, na sasa sina sura yake ya mwisho, nina sauti tu.

Zubeda akanitazama kwa mshangao. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, upande wetu wa ua, mahali mkeka wa Haboba ulipokuwa ukitandikwa. Akanionyesha kwa kidole. Matete mawili yalikuwa yamesukumwa kando, kwenye kimo cha kikongwe mdogo aliyekaa chini, na yalikuwa yameng'aa pale yaliposhikwashikwa.

"Siku ile yote yeye nakuangalia," Zubeda akasema. "Na zile siku mbili ya kwanza pia. Mimi nasema, Haboba, wewe navunja desturi yako. Yeye nasema: mimi hapana pokea yeye, mimi naangalia tu. Akasema wewe nakonda. Ndiyo maana akachinja kuku."

Nikakaa chini nikaweka jicho kwenye tundu. Kigoda cha Zubeda kilikuwa palepale, karibu kiasi cha kukigusa, na kuni nyuma yake. Kila kitu kilionekana, hata mahali nilipoliweka kawa nilipokwisha kulibusu.

Zubeda akaniletea chai kavu. Nikaichovya gurusa mpaka ikalainika, nikaimaliza nikiwa upande wa Haboba wa ua.